Foleni Haifundishi Subira

Mgeni akitaka kutusifu sisi watu wa mpakani mwa Kenya na Uganda, hutusifu kwa subira. Ameona malori yamepangana Malaba hadi upeo wa macho, utingo amelala kivulini chini ya trela, mama wa omena ameketi juu ya gunia lake akingoja karatasi igongwe mhuri, basi anakata shauri kwamba watu hawa ni wavumilivu. Nimeyasikia maneno hayo kwa wanasiasa, kwa wahubiri, na kwa watafiti wanaomiminika Busia na madodoso yao. Siyakubali. Mara nyingi kinachoonekana kuwa subira yetu ni hasira iliyokosa pa kutokea, au ni mtu aliyekata tamaa akanyamaza. Kungoja hakumfunzi mtu kungoja.

Turudi Januari 2022. Uganda iliamuru kila dereva apimwe Korona mpakani kwa gharama yake, madereva wakagoma, na foleni ya Malaba ikarudi nyuma makumi ya kilomita hadi ndani ya Bungoma. Mafuta yakapanda bei Kampala. Mwaka mmoja kabla yake, Machi 2021, ilikuwa zamu ya mahindi: Kenya ilizuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti mapya, huku magunia yakiwa tayari yamepakiwa. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, lakini mwenye kreti za nyanya akizuiliwa siku tatu kwenye jua la Busia hana mbivu ya kula, zimeoza. Siku kama hizo humfunza mtu kutafuta wa kumlaumu. Humfunza njia za panya zilipo, na humfunza kiasi cha noti kinachofaa kukunjwa ndani ya stakabadhi. Akitoka hapo hana subira zaidi ya ile aliyokwenda nayo, na pengine amepoteza hata ile kidogo.

Nayasema haya kwa sababu nataka kutetea jambo ambalo wengi hapa huliona la kigeni, la Wahindi au la Wazungu wenye pesa na nafasi: mafungo ya ukimya kama wanavyoyafanya Wabudha, mtu kuondoka nyumbani siku kadhaa, kuacha simu mlangoni, kunyamaza, na kuitazama nafsi yake kwa utaratibu unaofundishwa hatua kwa hatua. Sisemi watu wabadili dini. Ninachosema ni kwamba Wabudha wameyachukua yale tunayoyasifu kwenye mazishi, yaani subira, ukweli, ukarimu, moyo usioyumba, wakayafanya kuwa kazi ya kufunzwa, yenye ratiba na mazoezi. Wanazitaja sifa 10 za namna hiyo na kuzihesabu kuwa mzigo ambao msafiri wa njia ya kiroho hana budi kuukusanya mwenyewe, kidogo kidogo, maisha yake yote. Hakuna anayedhaniwa kuzaliwa nazo zimekamilika.

Wala si jambo la mbali kama tunavyodhani. Ukitoka Tororo au Busia, safari ya kama kilomita 200 inakufikisha Kampala, na ukiifuata barabara ya Entebbe kisha ukakata kuelekea Garuga, unafika kwenye Kituo cha Kibudha cha Uganda, karibu na ziwa lile lile tunaloletewa samaki. Aliyekianzisha mwaka 2005 ni Mganda, Bhante Buddharakkhita, aliyezaliwa mwaka 1966 kwa jina la Steven Kaboggoza. Alikwenda India kusoma, na huko mwaka 1990 akakutana na watawa vijana kutoka Thailand waliomwonjesha mafundisho ya Budha. Mwaka 2002 alipewa utawa California mikononi mwa mwalimu wa Kiburma, U Silananda, akaishi miaka kadhaa katika monasteri ya Bhavana, West Virginia, kisha akarudi nyumbani kwa watu wasiojua wamwite nani. Amesimulia mara nyingi jinsi bakuli lake la kupokelea chakula lilivyodhaniwa kuwa ngoma. Ameandika kitabu juu ya safari hiyo, *Planting Dhamma Seeds*, na mama yake mzazi alimfuata, akawa mtawa. Hilo la mama linanigusa kuliko yote. Mzazi wa Kiganda hamfuati mtoto kwenye dini ngeni kwa sababu ya hotuba nzuri. Bila shaka kuna badiliko aliloliona ndani ya mwanawe.

Sasa tuingie ndani, maana wengi hudhani kutafakari ni kukaa raha mustarehe na kufumba macho. Kozi ya siku 10 inayofundishwa duniani kote kwa mtindo wa marehemu S. N. Goenka, na ambayo Kenya pia hufanyika, huamsha watu kwa kengele saa kumi alfajiri. Kwa jumla mtu hukaa kama saa 10 kwa siku. Chakula cha mchana huliwa saa tano, na baada ya hapo mgeni hupata matunda na chai jioni, basi. Hakuna kuongea na jirani, wala kumkonyeza. Siku tatu za mwanzo kazi ni moja tu: kuangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Akili hutoroka kwenda kwenye deni la sukari, kwa mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya karo, kwenye neno aliloambiwa mtu mwaka juzi. Unairudisha kwenye pumzi, inatoroka tena, unairudisha tena. Haikemewi, inarudishwa.

Kuanzia siku ya nne huja saa ya kukaa bila kusogea. Mikono, miguu na macho havifunguliwi saa nzima, mara tatu kwa siku. Kufikia dakika ya 20 goti linawaka moto. Mbu anatua juu ya shavu, unamsikia kabla hujamhisi, kisha panaanza mwasho. Mwili wote unataka kitu kimoja, mkono uinuke. Mwalimu amekuambia utazame tu, bila kuchukia na bila kutamani uishe. Unatazama. Mwasho unapanda, unakuwa mkali kiasi cha kujaza dunia nzima, halafu, bila wewe kufanya lolote, unaanza kupungua, na hatimaye haupo. Mbu kwa Mwafrika wa kanda ya ziwa si mzaha, na ni haki kudai neti kwenye dirisha la ukumbi. Lakini aliyewahi kuuona mwasho ukifika kileleni na kwisha wenyewe amepata ujuzi ambao foleni ya Malaba haikumpa kwa miaka 15: amejionea kwamba kati ya joto linalopanda kifuani na neno linalotoka kinywani pana nafasi. Ni ndogo, lakini mtu anaweza kusimama ndani yake. Afisa akimtupia karatasi zake chini kesho, joto litapanda vile vile. Tofauti ni kwamba sasa analijua.

Tatizo la foleni ni kwamba ndani yake mtu hana nafasi ya kujitazama. Ana simu, ana redio, ana wenzake wa kulalamika nao, na ana hofu ya haki ya mali inayoharibika. Mafungo huondoa hayo yote kwa muda ili adui abaki mmoja, yule wa ndani. Kocha hamfundishi mchezaji kupiga penalti siku ya fainali.

Kuna sifa moja ambayo kwa mji wa mpakani ni nzito kuliko subira, nayo ni ukweli. Kila anayeingia mafungo haya huahidi mambo matano: kutoua, kutoiba, kujizuia na tendo la ngono, kutosema uongo, na kutotumia kilevi. Walimu husema wazi kwamba kimya kina sababu yake: anayeongea, hata mtu mwema, atachomeka chumvi ndani ya maneno, atajisifu kidogo, atapunguza kosa lake. Akinyamaza siku tisa, ahadi ya kutosema uongo inaweza kutimizwa kikamilifu, pengine kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Mtu huyo akirudi Busia, siku ya kwanza kazini, anakutana na fomu ya forodha. Chini ya utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa za eneo letu zisizozidi dola 2,000 hupita kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa. Kila wakala mjini anajua jinsi shehena moja inavyogawanywa vipande ili kila kipande kiwe chini ya kiwango hicho. Baiskeli zile za magurudumu matatu za wenzetu wenye ulemavu, ambazo kwa miaka mingi zimebeba mizigo kuvuka Busia, wapo wenye mali wanaozipakia magunia yao ili wao wenyewe wasionekane. Nimemwona mwendesha baiskeli mmoja wa hao walemavu akiizungusha kwa mikono, mishipa ya shingo imesimama, mzigo umempita kimo, na mwenye mzigo anatembea mbali kidogo kana kwamba hamjui. Uongo wa mpakani huwa na mtu wa kuubeba, na mara nyingi ni maskini kuliko aliyeubuni.

Hapa ndipo ninapowashangaa wanaosema kutafakari ni kwa waliojitenga na dunia. Mwalimu wa Goenka alikuwa U Ba Khin wa Burma, ambayo leo ni Myanmar, na U Ba Khin hakuwa mtawa. Alikuwa karani aliyepanda cheo hadi kuwa Mhasibu Mkuu wa Serikali nchi yake ilipopata uhuru mwaka 1948. Aliwafundisha kutafakari watumishi wa ofisi yake mwenyewe, kwenye chumba cha ofisi, na mwaka 1952 akafungua kituo Yangon huku akiendelea na kazi. Serikali ilimtwika pia jukumu la kusafisha bodi ya kuuza mazao iliyokuwa imeoza kwa rushwa. Goenka naye alikuwa mfanyabiashara, Mhindi aliyezaliwa Mandalay mwaka 1924, aliyemwendea mwaka 1955 kwa sababu ya kipandauso kilichowashinda madaktari. U Ba Khin kwanza alisita kumpokea, kwa kuwa hakutaka mafundisho ya roho yageuzwe dawa ya kichwa. Kwa hiyo njia hii iliyozunguka dunia ilipita mikononi mwa mhasibu wa serikali na mchuuzi. Hakuna mji ambao ungewaelewa watu hao wawili haraka kuliko Busia.

Bei ndiyo swali la pili, na ni la haki. Mafungo ya yoga yanayotangazwa Lamu na Diani hayamlengi mama wa omena. Lakini kozi za Goenka hazina ada kabisa, si ya mafundisho, si ya chakula, si ya kitanda. Anayelipia ni yule aliyekwisha kupita, akitaka, kwa ajili ya atakayefuata, na ambaye hajamaliza kozi hata moja haruhusiwi kuchangia. Utaratibu huo una akili. Tajiri aliyezoea kuagiza anakula uji wa mtu asiyemjua, na kwa kuwa hakuulipia hana namna ya kuulalamikia. Kiburi chake kinapata kazi ya kufanya tangu kifungua kinywa. Maskini naye anakaa mkeka mmoja na huyo tajiri bila kuwa mgeni wa hisani yake. Wabudha huuweka ukarimu mwanzoni kabisa mwa zile sifa 10, na wanaona kwamba anayeketi kutafakari huku ameikunja mikono yake juu ya mali atakaa sana na kupata kidogo.

Tororo tayari ina watu wanaojua thamani ya kimya. Chini ya lile jiwe kubwa linaloonekana hata ukiwa bado upande wa Kenya, wapo watawa Wabenediktini wa Kristo Mfalme, wa shirika lile lile la Mtakatifu Otilia lililojenga Peramiho na Ndanda kule Tanzania. Siku yao inagawanywa kwa sala na kazi, na hospitali ya macho ya Wabenediktini hapo Tororo inajulikana pande zote mbili za mpaka. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yenye karibu miaka 1,500, ina sura nzima juu ya kunyamaza na nyingine juu ya kumpokea mgeni kama Kristo mwenyewe. Wanaoifuata kanuni hiyo na Wabudha si wageni wao kwa wao: Thomas Merton, mtawa Mtrapisti wa Marekani aliyeishi kwa kanuni hiyo hiyo, alifariki Desemba 1968 karibu na Bangkok alikokuwa amekwenda kwenye mkutano wa watawa wa Kikristo wa Asia, baada ya safari ya kuzungumza na walimu wa Kibudha. Waislamu wetu wana itikafu, siku 10 za mwisho za Ramadhani ndani ya msikiti, na urefu huo wa siku 10 hauwezi kumpita hivi hivi aliyesoma hadi hapa. Kila mmoja ana kisima chake. Walichonacho Wabudha zaidi, na naamini tunaweza kujifunza kwao bila kuacha imani zetu, ni ile hesabu ya kina ya namna akili inavyotoroka na namna ya kuirudisha.

Kuna anayesema kimya ni kukimbia matatizo. Namkumbusha mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya ilipowaka, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba, na wengi wakapokewa katika kambi ya Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. Wakati huo huo Watrapisti wa Lumbwa, Kipkelion, waliokuwa hapo tangu 1956, waliyaona machafuko yakifika mlangoni, na waliofukuzwa makwao wakatafuta hifadhi kwenye uwanja wa monasteri. Mwishowe watawa wenyewe walilazimika kuhama, jumuiya ikaenda kuanza upya Uganda, Kijonjo, upande wa Masaka. Watu walioahidi kukaa mahali pamoja hadi kufa walijifunza kuhama, na sala ikaendelea. Huwezi kuniambia kwamba hao walikimbia dunia. Dunia iliwafuata hadi ndani, wakawa na kitu cha kuwapa waliokuja kulala uwanjani.

Hatari zipo, na wanaouza kutafakari kama dawa ya kila kitu wanatenda vibaya. Mwaka 2017 Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti uliowahoji watafakari wa Kibudha wa nchi za Magharibi. Wengi walisimulia hofu kali, kukosa usingizi, hata kuchanganyikiwa, hasa kwenye mafungo marefu. Ndiyo maana fomu za kozi nzuri huuliza afya ya akili ya mwombaji, na wengine huambiwa wasubiri. Kwetu, ambako wapo waliopita vita vya kaskazini mwa Uganda, waliotoroka moto wa 2008, na madereva wanaolala na wasiwasi wa barabara miaka nenda miaka rudi, kumfungia mtu siku 10 na kumbukumbu zake bila mtu mwenye ujuzi karibu ni ukatili. Na mama mwenye watoto watano hana siku 10. Anayemwambia azitafute hamjui.

Kwa hiyo ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Siku moja kila mwezi, tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa, Busia au Tororo kwa zamu, isiyogongana na siku ya soko. Ukumbi wa parokia, darasa la madrasa, au jengo la shule wakati wa likizo, popote penye mikeka na neti. Mwalimu aombwe kutoka Garuga au kwa Wabenediktini, na mashehe wakubali kuketi nao kuipanga, kila mmoja aje na sala yake lakini zoezi la pumzi liwe la wote. Watoto walelewe chumba cha pili na wenye zamu. Chakula kiletwe na waliohudhuria mwezi uliopita, beseni la maharage, mkungu wa ndizi, na anayekuja mara ya kwanza asitoe hata senti.

Na wa kwanza kualikwa wawe maafisa. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa Busia mwaka 2018 kimewaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na kimepunguza muda wa kuvuka, lakini hakuna paa linaloweza kumpunguzia mtu dharau anayomwangalia nayo mchuuzi. U Ba Khin alianza na makarani wake kwa sababu alijua kalamu ya serikali inaumiza wengi ikishikwa na mkono wenye hasira au tamaa. Afisa wetu aache kitambulisho mlangoni pale wengine wanapoacha simu. Akae karibu na mwanamke wa omena ambaye wiki iliyopita alimrudisha kwa kosa la herufi moja kwenye jina, wote wawili wamenyamaza, magoti yanawauma sawa. Kwenye mazoezi ya mwisho ya siku Wabudha humtakia heri mtu mmoja baada ya mwingine: kwanza nafsi yako, kisha umpendaye, kisha usiyemjua, kisha yule anayekusumbua. Hapo mwanamke huyo hatahitaji kwenda mbali kumtafuta wa nne, na afisa naye hatahitaji.